Injili ya Barnaba Katika Mizani ya Isnadi



Huenda umewasikia baadhi ya ndugu zetu katika mihadhara wakiinua kitabu kiitwacho Injili ya Barnaba na kusema kuwa hiyo ndiyo Injili ya kweli iliyofichwa na makasisi. Maneno hayo hupendeza masikioni. Lakini sisi ni umma wa isnadi. Yatupasa kwanza tuulize: kitabu hiki kimepokewa na nani, kutoka kwa nani?

Nakala kongwe inayojulikana ni ya Kitaliano, nayo imehifadhiwa Vienna, Austria. Wataalamu huikadiria kuwa ya mwishoni mwa karne ya 16, yaani zaidi ya miaka 1,500 baada ya Nabii Isa (A.S.). Mwaka 1907 Lonsdale na Laura Ragg waliifasiri kwa Kiingereza, ikapigwa chapa Oxford. Mwaka 1908 Khalil Saadeh aliifasiri kwa Kiarabu, na Sheikh Rashid Rida akaitoa Cairo. Tangu hapo ikaenea sana kwa Waislamu.

Watetezi wake husema kuwa jina la injili hiyo limo katika orodha ya kale ya vitabu vilivyokataliwa, inayonasibishwa na Papa Gelasius wa karne ya 5. Naam, limo. Lakini jina peke yake halithibitishi kuwa kitabu cha Vienna ndicho kile.

Sasa tazama yaliyomo. Kinasema Isa alipanda chombo katika ziwa la Galilaya akafika Nazareth. Na mji huo uko vilimani, hauna pwani. Kinasema yubile huja kila miaka 100. Sheria ya Mayahudi ilisema 50, na aliyeweka 100 ni Papa Boniface VIII mwaka 1300. Na kubwa zaidi, kinamfanya Isa akane kuwa yeye ni Masihi, ilhali Qur'ani, katika Sura Aal Imran aya ya 45, inamwita Masihi. Basi anayekishika kitabu hiki ili amshinde Mkristo, anaipinga Qur'ani yake bila ya kujua.

Utasema: mbona na wengine hufanya hivyo? Ni kweli. Mwaka 1989 Mashahidi wa Yehova walitoa kijitabu cha kupinga Utatu, wakamtaja Tertullian miongoni mwa mashahidi wao. Na huyo ndiye wa kwanza anayejulikana kumwelezea Mungu kwa neno la Kilatini la Utatu. Lakini kosa la jirani si hoja ya kwetu.

Sura Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuitendea. Wanazuoni wetu waliikataa hata hadithi iliyosifu jambo jema, kwa kuwa mpokezi wake mmoja alijulikana kwa uwongo. Vipi leo tulegeze mizani kwa sababu habari imetupendeza?

Ndugu yangu, Tauhidi haihitaji shahidi wa uwongo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuipenda haki hata inapotuvunjia hoja tuliyoizoea. Amin.