Mlokole: neno lililozunguka ziwa

Tanzania ya leo, mtu akiitwa mlokole hakuna anayeuliza maana. Ameokoka, ameacha pombe, na ushuhuda hauishi kinywani mwake. Lakini neno lenyewe lilitoka Uganda. Pale Mswahili anaposema kuokoka, Mganda husema okulokoka, na waliookoka huwaita balokole. Neno lilishuka na watu waliolizunguka Ziwa Victoria, wakiwa na swali moja lililowatia wengi hofu: umeokoka lini?

Swali hilo lilikuwa geni. Katika Buganda ya wamisionari wa kwanza, Mkristo alijulikana kuwa msomaji: alijifunza herufi na katekisimu, akabatizwa, akapewa jina. Kufikia miaka ya 1920 makanisa yalijaa watu wa namna hiyo, na wapo walioona kuwa kitu kikubwa kilikuwa kimepungua.

Mmoja wao alikuwa Simeoni Nsibambi, aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya katika serikali ya Buganda. Septemba 1929 alikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala, na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyetoka hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kuu. Siku mbili walikaa na Biblia wakiomba pamoja. Mzungu na Mwafrika, katika enzi ya ukoloni, wakikiri upungufu wao mbele ya Mungu mmoja: hapo ndipo uamsho wa walokole ulipopata sura yake.

Gahini ikashika moto. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifundisha huko. Yosiya Kinuka aliongoza wauguzi wa hospitali. Mwishoni mwa 1933, katika mkutano wa maombi, watu walisimama mmoja baada ya mwingine kuungama dhambi zao hadharani. Na hawakuishia kwenye machozi. Aliyeiba alirudisha alichoiba. Aliyemchukia jirani alikwenda kugonga mlango wake. Wamisionari nao waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika waliofanya kazi chini yao, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa zito kuliko tunavyoweza kudhani leo. Maisha hayo waliyaita kutembea nuruni.

Hapa ndipo maana ya wokovu ilipogeuka. Cheti cha ubatizo kilikaa sandukuni, lakini deni lililolipwa lilionekana na kijiji kizima.

Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, na ujumbe wake kwa Kanisa la Uganda ulibaki katika neno moja la Kiganda: zukuka, amka. Kanisa halikufurahi kuamshwa. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, waliong'ang'ania kuamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri juu ya dhambi zilizokuwa chuoni humohumo. Walokole walikuwa na ukali wao, na si kila aliyewapinga alikuwa adui wa Injili. Hata hivyo hawakujitenga kuunda kanisa lao. Walibaki, na kufikia wakati huo uamsho ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka: Bukoba ukawaingia Walutheri, Kenya ukawazaa walokole walioitwa Wanandugu.

Wanandugu wa Kikuyu walijaribiwa vikali katika miaka ya 1950. Wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, waasi waliopigana na ukoloni, wakisema damu ya Kristo imewatosha. Wengi pia walikataa bunduki za serikali ya kikoloni. Pande zote mbili ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa.

Huko Uganda, Janani Luwum aliijua siku yake ya kuokoka: 6 Januari 1948. Baadaye akawa Askofu Mkuu, na tarehe 16 Februari 1977 akauawa chini ya utawala wa Idi Amin. Rafiki yake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alitoroka pamoja na mkewe, wakapanda milima kwa miguu usiku hadi Rwanda, nchi ya Gahini. Mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho jina lake lilisema anampenda Idi Amin.