Vibarua vinavyoota nyasi: Historia ya makocha wasio na wa kuwasemea

Uwanja wa kisasa wa kuchukua watazamaji 30,000 unaojengwa kata ya Olmoti umebadili mazungumzo ya huku kusini mwa jiji la Arusha. Vijiwe vya Kwa Mrombo vinajadili bei ya viwanja vya makazi, vyumba vya kupangisha wageni, na nani atapata tenda ya chakula Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) zitakapokuja mwaka 2027. Mabilioni yanatajwa kwa zege, nyasi na taa. Kocha, yule anayesimama kando ya nyasi hizo akipiga kelele kwa dakika 90, hatajwi, labda timu ifungwe.

Makocha wa Tanzania wana chama, na si cha jana. TAFCA, Chama cha Makocha wa Mpira wa Miguu, kinasimama ndani ya shirikisho la mpira, TFF, sawa na FRAT ya waamuzi, SPUTANZA ya wachezaji na TASMA ya madaktari wa michezo. Kinapeleka wajumbe kwenye mkutano mkuu, kinapiga kura, na uchaguzi wake ukikaribia makundi hayakosi. Shida inaonekana ukitazama nani mwingine ameketi ukumbini humo. Klabu, ambazo ndizo waajiri wa makocha, nazo ni wanachama wa TFF. Hiki ni chama cha michezo. Chama cha wafanyakazi ni kitu kingine, chenye haki ya kumwita mwajiri mezani kujadili mshahara, na makocha hawajawahi kuwa nacho.

Na hii ni nchi iliyowahi kujua nguvu ya vyama vya kazi. Shirikisho la wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, lilizaliwa mwaka 1955, katibu wake Rashidi Kawawa akaja kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1964 likavunjwa, ikaja NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, na sasa TUCTA. Walimu, wauguzi, makuli wa bandarini na watu wa reli, kila mmoja alipata pa kulilia. Kocha hakuonekana kwenye orodha kwa sababu enzi hizo ukocha haukuhesabiwa ajira. Mtu alikuwa mwalimu, karani wa shirika la umma au askari, jioni akavaa raba na kupuliza filimbi. Timu ya reli ilimlipa kama mtu wa reli, ya magereza kama askari magereza. Akiondolewa kwenye benchi alirudi ofisini kwake Jumatatu, na kiinua mgongo chake kikaendelea kuhesabiwa.

Hata benchi lililoipeleka Taifa Stars Nigeria mwaka 1980 lilikuwa la enzi hiyo. Agosti 1979, Ndola, bao la Peter Tino liliipa Tanzania sare ya 1-1 na Zambia na tiketi ya fainali za kwanza katika historia yetu. Kwenye benchi walikuwako Slawomir Wolk, raia wa Poland, na Joel Bendera. Bendera baadaye akawa mbunge wa Korogwe Mjini, naibu waziri mwenye dhamana ya michezo, kisha mkuu wa mkoa; alifariki Desemba 2017. Sisemi kwamba siasa ilimharibu. Ila jina kubwa la ukocha wa kizalendo wa kizazi kile lilipata uzee wenye heshima kupitia siasa, na sijui nani katika wenzake aliupata kupitia ukocha.

Mageuzi ya uchumi yakabomoa mpango ule. Mashirika yaliuzwa au kufa, klabu zikaanza kuajiri kwa mikataba, na kibarua kikaanza kuota nyasi baada ya mechi tatu. Aliyetufundisha maana ya mkataba wa kocha ni mgeni, na somo lenyewe lilianzia kwa jirani.

Adel Amrouche, Mualgeria, alichukua Harambee Stars mwaka 2013 na mwaka huohuo akaipa Kenya Kombe la Chalenji. Mwaka uliofuata mambo yakaharibika: shirikisho la Afrika, CAF, likamfungia mwaka mzima kwa utovu wa nidhamu, kisha Kenya ikatolewa na Lesotho, timu ambayo Nairobi nzima ilikuwa imeishinda kwa mdomo kabla ya mechi. Agosti 2014 shirikisho lililoongozwa na Sam Nyamweya likamtimua yeye na benchi lake lote. Mkataba ulikuwa bado na miaka kadhaa mbele. Wakubwa wa Nairobi walidhani yameisha. Kocha kafungwa, kocha kaondoka, ndivyo mpira ulivyo.

Amrouche hakulia redioni. Alichukua karatasi yake akaenda FIFA, na kesi ikafika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, nchini Uswisi. Nyamweya akaondoka madarakani, Nick Mwendwa akaingia, deni likabaki mlangoni. Mwaka 2020 FIFA ilikuwa inataka shirikisho lilipe zaidi ya shilingi milioni 100 za Kenya, na ikaonya kwamba nchi ingeweza kuenguliwa kwenye safari ya Kombe la Dunia la 2022. Wakati huo Bobby Williamson wa Scotland, aliyempokea Amrouche na kufutwa kazi mwaka 2016, naye alikuwa ameshinda kesi yake katika mahakama ya kazi ya Kenya na kuamriwa kulipwa zaidi ya milioni 50. Makocha wawili waligeuka mzigo mzito.

Amrouche huyohuyo alitua kwetu Machi 2023. Akaipeleka Taifa Stars AFCON kwa sare ya bila kufungana na Algeria, nchi yake mwenyewe. Januari 2024, huko Ivory Coast, akasema Morocco inaishika CAF mkononi. CAF ikamfungia mechi nane, TFF ikamsimamisha, na timu akakabidhiwa Hemed Suleiman 'Morocco' akisaidiwa na Juma Mgunda. Hemed hakuishia kuziba pengo. Aliivusha Stars kwenda AFCON ya 2025 na kuifikisha robo fainali ya CHAN, fainali za wachezaji wa ligi za ndani. Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali alizozipigania, TFF ikatangaza kuachana naye na kumpa timu kocha mgeni, Miguel Gamondi.

Mgeni akivunjiwa mkataba, ugomvi wake unavuka mipaka na FIFA inausikiliza. Tangu Januari 2021 FIFA ina kanuni mahsusi za ajira za makocha: akidai mishahara ya miezi miwili, anaandika barua, anatoa siku 15, kisha anaruhusiwa kuvunja mkataba na kudai fidia. Mzawa akidhulumiwa na klabu ya nyumbani, anaelekezwa kwenye kamati ya TFF ambayo hata jina lake linataja hadhi za wachezaji, au anakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kanuni za FIFA hazimkatazi kwenda huko. Kinachomkataza ni woga wa kuitwa mkorofi na kukosa timu nyingine. Wengi hawana hata mkataba wa maandishi wa kumwonyesha msuluhishi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo ina mitego kwa kazi ya namna hii. Asiyefikisha miezi sita kazini hawezi kulalamikia kuachishwa isivyo halali, na kwa klabu zetu miezi sita ni umri wa mzee. Malalamiko ya kuachishwa yafike CMA ndani ya siku 30. Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na JKT hawamo kabisa. Arusha tunalijua hilo kwa karibu: JKT Oljoro ilipocheza Ligi Kuu kati ya 2011 na 2014, mwenye gwanda kwenye benchi lake hakuwa na mlango huo wa kugonga. Jiji hili lina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Mahakama ya Afrika Mashariki, lakini kocha wa mchangani wa Kwa Mrombo bado analipwa nauli na soda.

Tusijidanganye kwamba wenzetu wote wamemaliza tatizo hili. Marekani, kwenye ligi tajiri ya NFL, wachezaji wana chama chao cha wafanyakazi tangu 1956, ila makocha wana jumuiya ya hiari iliyoundwa 1996 isiyo na nguvu ya kujadili mishahara. Wamiliki walipowafungia wachezaji milango mwaka 2011, baadhi ya makocha walikatwa mishahara kwa mgogoro usiokuwa wao. Waingereza walijipanga mapema kidogo, mwaka 1992, na meneja anayefukuzwa kule anaondoka na mwanasheria wa chama.

Kwetu sheria inataka waajiriwa 20 tu ili kusajili chama cha wafanyakazi. Ligi Kuu ina klabu 16. Hesabu kocha mkuu na msaidizi mmoja kwa kila klabu, unapata watu 32. Waondoe wa timu za majeshi, na 20 bado wanapatikana bila kuwagusa wa Championship, ligi ya daraja la pili.