Kengele ya lango la simu

Lango la simu hukaa mpakani. Upande mmoja lina simu zinazopita kwenye intaneti, upande wa pili waya wa kampuni ya simu, mara nyingi laini ya E1 yenye kasi ya megabiti 2.048 kwa sekunde. Laini hiyo ina nafasi 32: ya 0 hulinda mpangilio wa fremu, ya 16 kwa kawaida hubeba maelekezo ya kupiga na kukata, na 30 zilizobaki ni za sauti. Fundi wa lango hukagua hali kwa kuandika amri. Katika Asterisk, programu ya simu aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999, amri ya “dahdi show status” humjibu kwa neno fupi kwa kila laini, kama vile OK, RED, YEL au BLU.

Hayo matatu ya mwisho ndiyo kengele. Wapo wanaopendelea kuziita tahadhari, lakini anayetahadhari hujikinga na jambo lisilomfika bado, na hapa limekwisha kufika. Neno hitilafu nalo halifai: hitilafu ni waya uliokatika au kadi iliyoungua. Kwenye skrini kuna tangazo lake tu. Kengele inafaa, hata isipolia.

Shida ipo kwenye rangi. Zimetokana na mitambo ya simu ya Marekani, na kuandika kengele nyekundu, ya manjano na ya buluu ni sahihi, ila mwanagenzi huzisoma kama taa za barabarani na kudhani manjano ni nafuu kuliko nyekundu. Sivyo hata kidogo. Rangi hizi hazipimi ukali wa hatari. Zinasema nani ameacha kusikia. Na maneno ya jambo hilo tunayo, kila mtu huyatamka mtandao ukisumbua: “Sikusikii!” na “Husikiki!”

Nyekundu ni “sikusikii”: lango letu halipati ishara, au linaipata bila mpangilio wa fremu. Papo hapo hupeleka taarifa upande wa pili, na huko ndiko inakoonekana manjano. Kwa hiyo ukiona manjano kwako, mwenzako anakuambia “husikiki”. Wewe unampata vizuri, ndiyo maana taarifa yake imekufikia. E1 ya nyaya za shaba ina jozi mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea; manjano humpeleka fundi kwenye jozi ya kutuma kabla hajagusa kingine. Buluu hutoka kwa mtambo ulio katikati ya njia, uliopoteza ishara kutoka nyuma yake, ukajaza laini tarakimu 1 tupu. Kipande cha kutoka kwenye mtambo huo hadi kwako ni kizima. Kosa liko ng'ambo ya mtambo huo. Vitabu vya mafunzo vingefanya vyema kuziita kengele ya kutosikia, ya kutosikika na ya njiani, na rangi zikatajwa mara moja tu.

Simu zinazoendelea nazo zina mtego. Amri ya “core show channels” huorodhesha chaneli, kisha hutoa jumla, na huenda ikasema chaneli mbili, simu moja. Ni sawa: simu inayovuka lango ina ncha mbili, ya intaneti na ya E1, na kila ncha ni chaneli. Anayehesabu chaneli ataripoti simu maradufu. Kuziita mazungumzo hakufai, kwa sababu simu ambayo bado inaita imekwisha kuchukua nafasi yake kwenye laini.

Ikitokea kengele hakuna, ni saa za kazi, na bado hakuna simu inayopita E1, andika “pri show spans”. Jibu likiwa Down, ishara inafika na fremu zimepangika, ila pande mbili hazielewani kwenye ile nafasi ya 16. Hapo waya usiguswe. Kwanza mipangilio ya lango ilinganishwe na ya kampuni ya simu.