Paul Jennings, Mtumwa wa Nyumba ya Madison

Paul Jennings alizaliwa utumwani mwaka 1799 huko Montpelier, Virginia, kwenye shamba la James Madison. Madison alipochaguliwa kuwa rais wa nne wa Marekani, mtoto huyo wa miaka kumi alichukuliwa kwenda Washington kutumika Ikulu.

Tarehe 24 Agosti 1814 Jennings aliandaa meza kwa mkono wake, akaweka mvinyo upoe. Waliokuja kukila chakula kile ni askari wa Uingereza, waliokuwa vitani na Marekani, kisha wakaichoma Ikulu. Baadaye ikavuma kwamba Dolley, mke wa rais, ndiye aliyetoroka na picha kubwa ya George Washington. Jennings, aliyekuwapo siku ile, alikanusha habari hiyo: picha haikuweza kushushwa bila ngazi, na bibi hakuwa na muda huo. Bawabu Mfaransa na mtunza bustani ndio walioishusha, ikapakiwa garini. Namheshimu sana kwa kusema hivyo, maana sifa ya kazi ya watumishi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine.

Kwa miaka 16 alimnyoa Madison ndevu, siku moja anyoe, siku moja apumzike. Asubuhi ya 28 Juni 1836 alikuwapo pale kifungua kinywa kiliposhindwa kumezeka na kichwa cha mzee kikaanguka. Mzee huyu ndiye Wamarekani wanayemwita baba wa Katiba. Wosia wake haukumwacha huru mtumwa hata mmoja.

Jennings akabaki mali ya mjane. Dolley alimkodisha kwa Rais Polk, na ujira akauchukua yeye. Mwaka 1846 akamuuza kwa dola 200. Machi 1847 Seneta Daniel Webster akamkomboa kwa dola 120, kwa sharti alipe deni hilo kwa kazi, dola 8 kila mwezi. Basi miaka yote ile ya wembe na meza haikuhesabiwa. Uhuru wake aliununua upya, mwezi baada ya mwezi.

Dolley alipofilisika, Webster alimtuma Jennings ampelekee kapu la vyakula. Naye, aliyeuzwa na mwanamke huyo, alikuwa akimwongezea vijisenti kutoka mfukoni mwake.

Baadaye alipata kazi katika ofisi ya pensheni ya serikali, akanunua nyumba mjini Washington. Kumbukumbu zake za Madison zilichapishwa mwaka 1865. Alifariki mwaka 1874.