Petroli ya gari huweza kurusha ndege ndogo, lakini kwa masharti

PETROLI inayoshushwa katika gati la Kurasini, wilayani Temeke, na kuuzwa kwa wenye magari katika vituo vya mafuta vya Kinondoni, huweza pia kuendesha baadhi ya ndege ndogo zenye injini za pistoni.

Mwaka 1982 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliidhinisha matumizi hayo kwa ndege aina ya Cessna 150. Injini za Rotax 912, zilizofungwa katika ndege nyingi nyepesi, nazo zimeruhusiwa na mtengenezaji kutumia petroli hiyo. Tofauti na mafuta ya ndege ya Avgas 100LL, haina madini ya risasi.

Hata hivyo, petroli ya gari hugeuka mvuke upesi. Katika joto kama la Dar es Salaam, mvuke huo huweza kuziba mirija ya mafuta na injini ikazimika angani.

Hatari nyingine ni uchakachuaji. Ili kuukomesha, EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupungua okteni, injini ikagonga na hatimaye kuharibika.

Gari likizimika Barabara ya Kilwa, dereva husogea pembeni. Rubani hana pembeni. Kwa sababu hiyo, petroli ya gari itumike tu pale ndege na injini yake zimeidhinishwa, na mafuta yenyewe yamepimwa.