Ufalme wa Mpala na ufalme wa mbingu

Katika sura ya 6 ya Matayo Bwana wetu Yezu Kristu anawaagiza wanafunzi wake watangulize ufalme wa Mungu mbele ya chakula na mavazi. Neno hilo tunalihubiri kila mwaka, na watu wanaitikia. Lakini sisi mapadri, wasemina na makatekista tunajua kwamba shida yetu ya kila siku si kuchagua kati ya Mungu na shetani. Shida ni kupanga mambo mema mawili, lipi litangulie. Kumlisha mwenye njaa ni jambo jema, na kumlinda mjane ni jambo jema. Habari za misioni ya Mpala, pembeni ya ziwa Tanganika, zinaonyesha shida hiyo kuliko vitabu vingi vya teolojia, nazo ni habari za kwetu.

Tarehe 4 Mei 1883 luteni mmoja Mbelgiji, jina lake Emile Storms, aliyekuwa akikaa Karema ng'ambo ya mashariki ya ziwa, alianza boma pa Mpala kwa jina la Shirika la Kimataifa la Afrika, shirika la mfalme Leopold II. Storms alitaka kuamuru nchi yote ya pembeni. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, mkubwa wa Watabwa aliyekuwa akikamata na kuuza watumwa. Wakamwua, na Storms akakipeleka kichwa chake Ubelgiji. Hatuwezi kumsifu Lusinga. Lakini wazee wa Marungu hawakusahau kwamba bendera mpya ilianza kwa kichwa cha mtu.

Mwaka wa 1885 Leopold aligeuza macho yake upande wa Kongo ya chini, akawaachia Mapadri Weupe boma mbili, ya Mpala na ya Karema. Hapo ndipo mambo yetu yanapoanza. Mapadri walikuwa wamekuja kutafuta roho za watu, nao wakapewa nchi, pamoja na boma, bunduki, na wakubwa wa vijiji waliozoea kuleta mashauri yao bomani ili yakatwe. Nani angekataa? Kuondoka kulikuwa kuwaachia wakamataji wa watumwa njia wazi.

Tena Kardinali Lavigerie alikuwa na fikira kubwa. Yeye aliwahi kufundisha historia ya Kanisa katika Sorbonne, pale Paris, na labda alimkumbuka Konstantino. Alitamani uwepo katikati ya Afrika ufalme wa kikristu, wenye mtu mwenye nguvu wa kuwazuia wauza watumwa. Alijua pia kwamba padri hapaswi kushika upanga. Kwa hiyo alituma walei waliokuwa askari wa Papa. Aliyejulikana kuliko wote ni kapiteni Leopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1842, aliyempigania Papa hata Roma ilipotekwa mwaka wa 1870. Joubert alifika Mpala mwezi wa Machi 1887, akawafundisha vijana kazi ya askari, akajenga kituo chake pa Mrumbi. Mwaka wa 1888 akafunga ndoa na Agnes Atakaye, binti wa nchi ile. Hakurudi tena Ulaya kukaa. Alikufa karibu na Baudouinville tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 85.

Watu walikimbilia Mpala kwa wingi. Wengine walikuwa watumwa waliokombolewa kwa vitambaa, wengine watoto wasio na baba wala mama, wengine vijiji vizima vilivyochomwa. Walitafuta nini? Tuseme kweli: walitafuta ukuta na bunduki, na shamba la kulima bila hofu. Hakuna anayeweza kuwalaumu. Mama anayekimbia na mtoto mgongoni haulizi kwanza habari za Utatu Mtakatifu. Lakini mapadri walijikuta wakikata mashauri ya wizi na ya ndoa, wakigawa mashamba, wakiamuru kazi, wakiadhibu. Yule aliyemwungamisha mtu Jumamosi ndiye aliyemhukumu Jumatatu. Hapo sisi tunaona hatari kubwa kuliko ile ya wauza watumwa, maana yule wa bunduki alionekana toka mbali, lakini hatari hii iliingia polepole pamoja na mapendo.

Kitu kimoja kilizuia Mpala isigeuke kuwa boma tupu lenye msalaba juu yake. Tangu 1879 Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba mtu asibatizwe mbele ya kumaliza miaka minne: miwili ya kuomba tu, akifundishwa mambo ya Mungu mmoja na ya dhamiri, na miwili ya ukatekumeni wenyewe. Walio katika hatari ya kufa tu ndio waliobatizwa upesi. Wasomaji wengine wanafikiri sheria ile ilikuwa ukali wa Wazungu. Sisi tunaona kinyume. Padri wa Mpala alikuwa na chakula, nguo na ulinzi mkononi mwake. Angeweza kubatiza mia kwa siku moja, na vitabu vya misioni vingejaa majina. Sheria ilimkataza. Mkimbizi alipewa shamba siku ya kwanza bila kuulizwa dini, lakini ubatizo aliungojea miaka minne. Ndivyo mambo mawili mema yalivyopangwa: mkate ulitolewa upesi kwa kuwa ni mkate tu, na sakramenti ilicheleweshwa kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko mkate.

Ufalme wa dunia haukukaa. Kati ya 1890 na 1892 watu wa Rumaliza walisonga sana pembeni ya ziwa, na Joubert peke yake hakuweza kuwashinda. Misafara ya Wabelgiji waliopiga vita na utumwa, ya kwanza ikiongozwa na kapiteni Jacques, ilikuja kusaidia, na Jacques akaanza Albertville, ndiyo Kalemie. Kisha Bula Matari akafika na waamuzi wake na kodi yake, na mamlaka ya mapadri juu ya nchi yakapungua kidogo kidogo. Lavigerie alikuwa amekwisha kufa mwezi wa Novemba 1892, bila kumwona mfalme wake mkristu.

Je, kazi ilipotea? Monseniere Victor Roelens, aliyefika mwaka wa 1892 na kupewa uaskofu mwaka wa 1896, hakulilia boma lililopunguzwa. Aliweka nguvu yake katika kitu kilichoonekana bure kabisa kwa macho ya dunia: kuwafundisha Kilatini watoto wa Watabwa. Wazungu wengi walicheka. Kati ya watoto wale alikuwamo Stefano Kaoze wa Marungu. Njia ilikuwa ndefu, na wengi waliishia njiani. Siku zile kijana aliyejua kusoma na kuandika alitafutwa kama chumvi: kampuni za Katanga zilimtaka, serikali ilimtaka, na mwaka wa 1915 njia ya reli ilifika Albertville pamoja na mishahara yake. Kaoze alibaki na vitabu vyake. Mwaka wa 1910 na 1911 maandiko yake juu ya namna Wabantu wanavyofikiri yalitolewa katika gazeti moja la Wabelgiji, naye akiwa bado msemina.

Baada ya vita ya pili serikali ilimwita akae katika baraza zake, aseme kwa ajili ya Waafrika. Hakukifuata kiti hicho. Kilimfuata yeye, naye alikuwa na umri wa mzee. Tunaliandika hili kwa kuwa kati yetu wako wanaokitazama kiti kwanza. Na parokiani kwetu watu wanabisha hodi kwa ajili ya mashine ya kusaga na gari la kubeba mgonjwa. Tunawafungulia, na ni lazima tufungue. Lakini jioni moja tulihesabu mashauri ya juma zima, na hakuna hata moja lililohusu kusali. Tulikumbuka Mpala usiku ule, hatukulala upesi.

Tarehe 21 Julai 1917 Monseniere Roelens alimwekea Kaoze mikono pa Baudouinville. Dunia ilikuwa vitani, na ziwani penyewe Wazungu walikuwa wamezamishiana meli. Miaka 33 ilikuwa haijatimia tangu kichwa cha Lusinga kitoke Marungu. Sasa mtu wa Marungu alisimama altareni, na Wazungu na Weusi wakapiga magoti mbele yake wapokee baraka. Alikuwa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi, akatumika hivyo zaidi ya miaka 33, mpaka alipokufa mwaka wa 1951.