Chuo cha jazi cha New Orleans kilichojengwa karibu na nyumba za wapigaji

Tukitaja jazi hapa pwani, wengi hukumbuka bendi za zamani za Tanzania Bara kama Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo muziki wao hasa ulikuwa wa dansi. Jazi yenyewe ilizaliwa New Orleans, mji wa bandari ulioko kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, mikononi mwa watoto na wajukuu wa Waafrika waliokuwa watumwa. Katika mji huo kuna chuo kiitwacho Ellis Marsalis Center for Music. Kinaendeshwa na shirika lisilotafuta faida, watoto wa mtaa husoma bure au kwa ada ndogo, na namna kilivyoanzishwa inatuhusu sisi tunaoishi katika miji ya kale ya pwani.

New Orleans ni mji wa mchanganyiko kama Mombasa. Waafrika, Wafaransa, Wahispania na watu wa visiwa vya Karibi wote waliacha alama zao hapo. Karne ya 19 kulikuwa na uwanja ulioitwa Congo Square, ambapo watumwa waliruhusiwa kukusanyika siku za Jumapili, wakapiga ngoma na kucheza. Baadaye zikaja bendi za matarumbeta, ambazo hadi leo hupita mitaani kwenye mazishi na sherehe, watu wakizifuata nyuma kwa kucheza. Anayeijua historia ya beni iliyoanza Mombasa na Lamu mwishoni mwa karne hiyo hiyo hatashangaa. Huku nako vijana walichukua tarumbeta na gwaride za askari wa wakoloni wakazifanya ngoma yao, wakashindana mtaa kwa mtaa.

Kufundisha watoto wa maskini muziki si jambo geni katika mji huo. Louis Armstrong, aliyezaliwa mwaka 1901, alikamatwa akiwa mtoto kwa kufyatua bastola mkesha wa mwaka mpya, akapelekwa katika makao ya watoto watukutu. Huko ndiko alikofundishwa vizuri kupiga tarumbeta katika bendi ya makao. Miongo mingi baadaye akaja Ellis Marsalis, mpiga piano aliyezaliwa mwaka 1934, ambaye alijulikana kwa ualimu kama alivyojulikana kwa upigaji. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Terence Blanchard na Harry Connick Jr. Wanne kati ya wanawe, Branford, Wynton, Delfeayo na Jason, ni wanamuziki wa jazi.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliupiga mji huo. Kuta za kuzuia maji zilibomoka na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Zaidi ya watu 1,300 walikufa kwa kimbunga hicho, na malaki wakahama makwao. Mitaa ya watu weusi wa kipato cha chini, walikoishi wapigaji wengi, ni miongoni mwa iliyoharibika vibaya zaidi. Waliokimbilia miji mingine hawakuwa na nyumba ya kurudia, na kodi za nyumba chache zilizosalia zilipanda.

Hapo ndipo hatari ilipoonekana. Jazi ya New Orleans haikukaa vitabuni. Kijana aliijua kwa kumfuata mjomba wake katika msafara wa Jumapili, kwa kusikia jirani akifanya mazoezi barazani, kwa kuazimwa tarumbeta kuukuu na mzee wa mtaa. Mzee huyo akihamia mji mwingine, yeye ataendelea kupiga huko, lakini mtoto wa mtaa wake wa zamani hatakuwa na wa kumsikiliza.

Desemba 2005, Harry Connick Jr. na Branford Marsalis, wakishirikiana na shirika la Habitat for Humanity, walitangaza mpango wa Musicians' Village, yaani kijiji cha wanamuziki, katika eneo la Upper Ninth Ward. Hawakuanza na chuo. Walianza na nyumba, na zikajengwa 72 za familia pamoja na makazi ya wazee. Nyumba hazikutolewa sadaka. Mwenye nyumba hushiriki kwa kazi ya mikono yake katika ujenzi, kisha hulipa kidogo kidogo mkopo usio na riba. Msomaji Mwislamu ataona kwamba shirika lililoasisiwa na Wakristo limeweza kujenga mtaa mzima bila riba, jambo ambalo wengi wetu huambiwa kila siku kuwa haliwezekani.

Mambo hayakwenda shwari moja kwa moja. Wanamuziki wengi waliishi kwa fedha taslimu za kila usiku, hawana hati za mshahara, na rekodi zao za mikopo hazikuwa nzuri. Baadhi walikwama kwenye fomu za maombi ingawa mpango ulitungwa kwa ajili yao. Ni tatizo ambalo mvuvi, fundi seremala au mpiga fidla wa kwetu angelikumbana nalo vilevile.

Chuo kilifunguliwa mwaka 2011, katikati ya nyumba hizo, kikapewa jina la mwalimu Ellis Marsalis. Kina ukumbi wa watu 170, studio ya kurekodi na vyumba vya kufundishia. Watoto huja baada ya masomo ya kawaida, na wanamuziki wenyewe ndio wanaowafundisha. Jioni ukumbi hutumika kwa maonyesho, kwa hivyo mtoto anaweza kumsikia jukwaani mtu anayemwona mtaani. Mzee Marsalis alifariki tarehe 1 Aprili 2020, akiwa na umri wa miaka 85, kwa maradhi ya Covid-19. Chuo kimebaki.

Tusikipambe kupita kiasi. Chuo kama hiki hutegemea wafadhili, na hakiondoi umaskini wa mtaa. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo, nayo ni muhimu: kinampa mpigaji kipato cha kufundisha, na kinampa mtoto mahali pa kwenda saa za alasiri.

Kwetu jambo hili lina mizizi. Habib Swaleh alipotoka Ngazija akaja Lamu, aliwasomesha watu waliodharauliwa, wakiwemo watumwa na watoto wao, ambao milango mingine ilikuwa imefungwa kwao. Matari aliyoyaingiza katika maulidi yalipingwa na baadhi ya wakubwa wa mji. Leo msikiti wa Riyadha na Maulidi ya Lamu vinajulikana Afrika Mashariki nzima. Tuna pia mfano wa waqfu, mali inayowekwa ili faida yake isomeshe watu vizazi na vizazi.

Udhaifu wa kutegemea wafadhili pekee tumeuona jirani. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi cha Zanzibar, kinachofundisha taarabu, udi na ganuni tangu mwaka 2002, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Nairobi, mradi wa Ghetto Classics wa Korogocho umesaidiwa na mapato ya tamasha la jazi la Safaricom. Hapa pwani hatujapata tajiri wa kutufanyia hivyo.

Najua wasomaji wengine wana msimamo wao kuhusu ala za muziki, na hilo nawaachia masheikh. Badala ya jazi weka tenzi, nakshi za milango au uundaji wa majahazi wa Matondoni. Hesabu ni ileile. Lamu iliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na sheria inalinda kuta za mawe. Haimlindi fundi anayeuza nyumba ya babake kwa sababu ameshindwa kuitengeneza, kisha akahamia mbali na vijana ambao wangejifunza kwake.

Kaunti zetu zinapopanga bajeti ya utamaduni, fedha huonekana zaidi kwenye siku za tamasha. Waulizwe, wao na wasimamizi wa waqfu pia: mafundi na malenga waliobaki ni wangapi, wanaishi wapi, na nyumba zao ziko katika hali gani? Waanze na orodha hiyo. Chuo kitafuata.